Mama Ripoti Aingia Darasani

Ofisini walimwita Mama Ripoti, ingawa si mbele yake. Alianza kazi akiwa mwalimu wa darasa la kwanza, chaki mkononi na watoto sabini wakimkodolea macho. Miaka ishirini na sita baadaye alikuwa mkurugenzi wa shirika la kimataifa lililosaidia watoto kujifunza kusoma katika nchi tisa. Mumewe, fundi wa redio, alipenda kuwaambia wateja kwamba yeye alioa tiketi ya ndege.

Mwaka huo shirika lilikuwa linatamba. Ripoti zilisema watoto wanane kati ya kumi katika shule za mradi wanasoma vizuri ndani ya mwaka mmoja. Mkurugenzi aliyatangaza matokeo hayo kwenye mikutano mikubwa, akapigiwa makofi mpaka akaona haya.

Kisha, akiwa safarini wiki mbili kabla ya kikao cha bodi, mkutano mmoja ukaahirishwa. Akamwomba dereva ampeleke shule yoyote ya mradi iliyo karibu, bila kupiga simu kwanza.

Mwalimu wa darasa la pili, mwanamke mwembamba aliyekaukwa na sauti, alimpokea kwa heshima na kumpa kiti pekee kilichokuwemo. Msichana mmoja akasimama kusoma. Maneno yalimtoka bila kukwama hata mara moja. Mkurugenzi akatabasamu, halafu tabasamu likamganda usoni. Kitabu kilikuwa kichwa chini.

Akainuka, akaandika ubaoni: Mbuzi amelala mlangoni.

"Haya mwanangu, nisomee hapa."

Mtoto akautazama ubao, akamtazama mwalimu wake, akanyamaza. Watatu waliofuata nao wakanyamaza.

Watoto walipotoka kucheza, mwalimu alijipangusa chaki mikononi kwa muda mrefu.

"Nisamehe, mama. Wanaokuja kuwapima hutumia kitabu hikihiki kila muhula. Tukawakaririsha. Ukisema watoto hawawezi, unaulizwa wewe ulikuwa unafanya nini."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Fomu inataka idadi tu."

Fomu ile aliitunga mkurugenzi mwenyewe.

Wiki hiyo alizunguka shule nne zaidi. Tatu zilikuwa vilevile. Alirudi nyumbani amenywea, akamkuta mumewe amezungukwa na nyaya.

"Nikisema, kazi imekwisha," alimwambia.

"Na usiposema, utakuwa mkurugenzi wa nini? Wa kasuku?"

Alicheka bila kutaka, na kicheko kikageuka machozi, kisha kikarudi kuwa kicheko. Asubuhi akaandika barua ya kujiuzulu.

Mbele ya bodi hakuzungukazunguka. "Takwimu nilizowaletea si za kweli. Sikukusudia kudanganya, ila kipimo kibovu nilikiunda mimi, na matokeo niliyatangaza mimi. Tusiongeze shule hata moja mpaka tupime upya. Barua yangu hii hapa."

Mjumbe mmoja alifunga faili lake kwa kishindo, akatoka. Mwenyekiti, mzee wa maneno machache, alivua miwani.

"Mwaka jana nami nilitembelea shule moja," alisema. "Moyo ulisita. Nikajiambia, mimi najua nini kuhusu elimu, nikafunga mdomo." Akamrudishia barua bila kuifungua. "Kapime upya, dada. Ukiondoka wewe, nani atatuambia ukweli?"

Alitoka hadi kwenye ngazi, akavua viatu na kuketi palepale. Akampigia mumewe.

"Wameikataa barua."

Upande wa pili akasikia mtu mzima akishusha pumzi kama aliyetua gunia la mahindi.

Kipimo kipya kilitumia maandishi ambayo mtoto hajawahi kuyaona. Matokeo ya kwanza yalikuwa watoto watatu kati ya kumi, na alipoyatangaza hakuna aliyepiga makofi. Walimu walipata mafunzo, na waliruhusiwa kusema palipowashinda bila kukaripiwa. Baada ya miaka miwili, watatu wakawa sita. Aliisoma idadi hiyo kwa sauti yake ya kawaida, akaketi, akanywa maji.