Radhia na Mchezo wa Jumapili

Pale Mandewa, Singida mjini, kuna mama anaitwa Radhia Abdulhamidi. Wakulima wanamjua kwa kinu cha kukamua alizeti anachokisimamia. Msimu wa mavuno magunia hupangwa mpaka nje ya uzio, naye hupita katikati yake viatu vimegandwa na mashudu, akiwajibu watu watatu kwa mpigo. Wacheza chesi wanamjua kwa jambo lingine. Kwa miaka mingi, mwanamume aliyepangiwa kucheza naye kwenye mashindano ya mkoa alikuwa akikaa kitini huku ameshaanza kutafuta maneno ya kuwaambia wenzake baada ya kufungwa.

Mchezo alifundishwa na baba yake, ambaye mpaka leo huuita sataranji. Mzee Abdulhamidi alitoka Tanga akiwa kijana, akafungua duka la vipuri vya baiskeli karibu na soko, na mchana wateja wakipungua alikuwa akitoa ubao chini ya meza na kucheza na binti yake. Ngome moja ilipotea safarini, ikawekwa nati kubwa badala yake. Radhia alikua akiamini kwamba kila ubao wa sataranji una nati moja.

"Ukiigusa kete, umeicheza," baba yake alikuwa akimwambia. "Kwa hiyo usiiguse mpaka umalize kufikiri."

Alipokuwa kidato cha pili, siku ya Idi, wageni walikaa sebuleni baada ya pilau, na mmoja akamtania mzee acheze na binti yake wamwone. Wakacheza. Mwanzoni wageni walikuwa wakipiga soga, halafu mmoja mmoja wakageukia ubao. Radhia akambana baba yake taratibu mpaka mfalme akabaki kwenye kona, hana pa kwenda. Alitabasamu kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri kutoka shule. Mzee akacheka pamoja na wageni, akampongeza, akakusanya kete na kuzirudisha kwenye boksi. Tangu siku hiyo hakucheza naye tena.

Hakumkasirikia, au kama alimkasirikia hakuonyesha. Ada alilipa, nguo za sikukuu alinunua, na binti alipokuja kuolewa, mzee alilia mbele za watu bila kujificha. Lakini kila Radhia alipompangia kete, alipata jibu lile lile.

"Nina kazi kidogo, mwanangu. Cheza na wenzako."

Wenzake walikuwa wavulana wa sekondari, baadaye walimu, polisi, makarani wa benki na vijana waliotoka vyuoni. Akawafunga. Mumewe, Mselemu, ambaye kinu ni mali ya ukoo wao, hajui hata farasi anarukaje, ila Jumamosi za chesi ndiye aliyebaki na watoto bila kunung'unika. Kati ya wanaume waliofungwa, wapo waliompa mkono kwa heshima. Wapo waliosema jua lilikuwa likiwaingia machoni. Mhasibu mmoja aliyekuja na suti alisema kichwa kilimuuma tangu asubuhi. Radhia akampa pole, moyoni anacheka, na jioni akamwigiza mhasibu huyo mbele ya Mselemu mpaka wote wawili wakashika mbavu.

Wanawake waliocheza walikuwa wa kuhesabika, na Radhia hakuwatafuta. Akiulizwa kwa nini hafundishi mabinti, alisema hana muda. Ukweli ni kwamba kumfunga mwanamke hakukuwa na ladha kwake. Alipomwona mwanamume mzima ameshika kidevu mbele yake, kuna kitu ndani yake kilikuwa kinatulia, na hakuwahi kujiuliza ni kitu gani.

Mwaka huu katibu wa chama cha chesi cha mkoa, Mwalimu Emilian, alimfuata kinuni na habari mpya. Mashindano ya kitaifa yangefanyika Dodoma, na kila mkoa ulitakiwa kupeleka mshindi wa wazi, yaani kundi la wote, pamoja na mshindi wa wanawake.

"Jumamosi tutacheza wazi, Jumapili wanawake," Emilian alisema. "Safari hii wanawake wamejiandikisha wa kutosha. Nakuomba ucheze siku zote mbili, mashindano yapate uzito."

"Mwalimu, kweli mimi nikacheze na akina mama?"

"Kwani wewe nani?"

Radhia akacheka, akakubali kama mtu anayekubali kuonja chakula cha jirani.

Jumamosi alicheza vizuri kuliko siku zote. Fainali alikutana na Nathan, kijana wa chuo anayekariri michezo ya mabingwa, akamvuta polepole nje ya yale aliyoyakariri, kisha akamla askari mmoja baada ya mwingine. Nathan alimpa mkono na kumwambia, "Mama, wewe hatari." Picha zikapigwa. Radhia alirudi nyumbani akiwa mwepesi.

Jumapili alifika akiwa bado na furaha ya jana. Akawashinda wanawake wa kwanza bila kutoa jasho. Raundi ya mwisho akapangiwa na nesi wa zahanati moja ya Ihanja, Scholastika, mwanamke mnene kiasi, mdogo kwake kwa umri, mwenye kicheko cha karibu.

"Shikamoo dada," Scholastika alisema akivuta kiti.

"Marahaba," Radhia akajibu, simu ikiwa sikioni. Kinuni mashine ilikuwa imekwama, na mpaka saa ya mezani inabonyezwa alikuwa bado anamwelekeza fundi.

Alifungua mchezo kwa haraka, akatoa askari mmoja bure ili kupata njia ya kushambulia. Ilikuwa mbinu iliyowatoa jasho wanaume wengi. Scholastika alimtazama askari yule kwa muda mrefu, akamwacha pale pale, akasogeza farasi pembeni. Radhia hakuona maana ya farasi yule. Akaendelea kushambulia. Alipokuja kuona, ilikuwa imebaki hatua moja farasi atue mahali ambapo angewatishia mfalme na malkia kwa pamoja, na kila njia ya kumzuia ilikuwa imeshazibwa. Akatafuta, akatafuta tena. Watu walianza kusogea kuizunguka meza. Scholastika alikuwa ameacha kutabasamu. Akashika farasi na kumweka pale alipotakiwa.

Malkia akaenda, na mchezo ukaenda naye. Radhia akamlaza mfalme wake ubaoni kuonyesha amekubali, akatoa mkono.

"Umecheza vizuri," alisema. "Leo kichwa kinaniuma tangu asubuhi."

Aliyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, na hakuweza kuyarudisha. Mwalimu Emilian, aliyekuwa amesimama nyuma, akaangalia chini. Scholastika akasema, "Pole sana dada," kwa sauti ya mtu aliyezoea kuwapa watu pole.

Radhia hakusubiri zawadi zitolewe. Badala ya kwenda nyumbani akaenda kwa baba yake. Alimkuta barazani, amefungua kitovu cha gurudumu la baiskeli na kukitandaza juu ya gazeti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimesikia jana umewafunga wote."

"Leo nimefungwa. Nesi mmoja wa Ihanja."

Mzee akafuta mikono yake kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na boksi.

"Nionyeshe," alisema.

Radhia akapanga kete na kumchezea mchezo wote kutoka kichwani, pande zote mbili. Walipofika pale farasi aliposogezwa pembeni, mzee akauweka mkono juu ya ubao kumsimamisha.

"Hapa ulikuwa unafikiri nini?"

"Nilikuwa nafikiri nimeshashinda."

Mzee akaguna. Akajaribu kusogeza askofu, akaangalia, akamrudisha. Akajaribu ngome. "Na ukimweka huyu hapa?"

"Farasi bado anafika, baba."

"Anafika, kweli. Huyo nesi anajua." "Mtarudiana lini?"

"Sijui. Sina hamu hata ya kumwona."

"Mimi pia sikuwa na hamu," mzee alisema, macho yakiwa ubaoni. "Nikasema nitacheza nawe wiki ijayo, hasira ikipoa. Ikapoa. Halafu nikaona haya kurudi, na miaka ikapita hivyo hivyo nikakosa pa kuanzia. Nenda wiki hii hii."

Radhia alitaka kumwambia wapange kete upya, pale pale, wacheze. Akamtazama usoni, akaona mzee amechoka kwa maneno yale machache aliyoyasema. Akamsaidia kukusanya kete.

Wiki hiyo gari la kinu lilikwenda Ihanja kuchukua alizeti, na Radhia akapanda mbele na dereva. Zahanati aliikuta imetulia, wagonjwa wa asubuhi wamekwisha. Scholastika alikuwa mlangoni akimwelekeza bibi mmoja dawa kwa Kinyaturu. Alipomwona Radhia, uso wake ukabadilika.

"Karibu dada. Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekuja kukuambia kwamba hata Jumapili sikuwa naumwa."

"Najua," Scholastika alisema. "Mimi ni nesi." Akaangua kicheko, na Radhia, aliyekuja amejikaza njia nzima, akajikuta anacheka naye.

Baada ya kazi walikaa nyuma ya nyumba ya nesi, ubao wa plastiki juu ya kigoda, sahani ya karanga kando. Mchezo wa kwanza Radhia alishinda, kwa shida. Wa pili alifungwa tena, na safari hii hakuwa na simu sikioni wala mashine iliyokwama. Alikaa akiutazama ubao, akisubiri uchungu ule wa Jumapili umpande. Ulikuja, ila ulikuja na hamu ya kujua.

"Ulijifunzia wapi?" aliuliza.

"Chuo cha uuguzi, mwenzangu mmoja alikuwa na ubao. Nilipoletwa huku sikupata wa kucheza naye, nikawa nacheza na simu." Scholastika akamenya karanga. "Na nikawa nacheza na wewe."

"Na mimi?"

"Mwalimu Emilian huweka michezo yako kwenye kundi la simu. Yote ninayo. Jioni napanga kete, nakaa upande wa yule mwanamume, natafuta angefanya nini asifungwe. Mwaka mzima, dada. Yule askari wako wa bure nilimjua kabla hujamtoa. Lakini Jumapili nilikuwa naogopa."

Miaka yote ile Radhia alikuwa akiangalia nyuso za wanaume waliokaa mbele yake, kumbe yuko mwanamke Ihanja aliyekuwa akimsoma hatua kwa hatua kwa upendo kuliko hao wote. Akaanza kupanga kete.

"Panga na zako," alisema. "Tucheze mpaka dereva apige honi."

Dodoma walikwenda pamoja, Radhia kwa kundi la wazi, Scholastika kwa wanawake. Matokeo hayakuwa ya kuimbiwa nyimbo, lakini hayakuwaaibisha. Scholastika alirudi na medali ya shaba. Radhia aliwafunga wanaume wawili wenye majina, akafungwa na wengine, na katikati ya mashindano akapangiwa na binti wa shule kutoka Arusha, mwenye miwani, aliyeingia kundi la wazi la mkoa wake kwa ubishi wake mwenyewe na kulishinda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Radhia akazima simu, akaiweka kwenye mkoba, akavuta kiti vizuri. Alicheza na binti yule kwa makini yote aliyokuwa nayo, na hata hivyo hakumweza. Walitoka sare, kete chache zikiwa zimebaki ubaoni.

Scholastika alikuwa akimsubiri nje ya ukumbi, ameshakaa kivulini.

"Yule mtoto ulikuwa umemshika," alisema. "Mwishoni ulifanya haraka na mfalme."

"Haraka gani? Nilifikiri mpaka saa ikakaribia kuniishia."

"Ulifanya haraka. Kaa nikuonyeshe."

Radhia akakaa, akisema si kweli, huku anatoa ubao kwenye mkoba.