Kula na Kulala Tu, Nilimwambia

Yule mwanamume sijawahi kumwona uso, lakini nikikutana naye leo hapa China, sokoni kwetu barabara ya Guangyuan Xilu, katikati ya wapagazi na marobota yao ya nguo, nitamkunja shati mbele ya watu. Shoga zangu wananiambia nisahau, yamepita. Hayajapita. Nikimkumbuka nikiwa jikoni, sufuria inaipata.

Kazi yake ni kupima vijana. Klabu moja ya Marekani inamlipa azunguke vyuo vikuu kutazama wachezaji wa ule mchezo wao wanaouita mpira wa miguu, ilhali mpira wenyewe wanaukumbatia kama mtu aliyeiba papai. Kila mwaka kuna siku tatu ambazo klabu zote huketi na kuchagua vijana wa kuwaajiri, mmoja baada ya mwingine, nchi nzima ikitazama. Kabla ya siku hizo watu kama yeye huandika ripoti: huyu anafaa, huyu hafai. Mwaka ule mwanangu alikuwa mmoja wa walioandikwa. Akichaguliwa, maisha yake yamenyooka. Asipochaguliwa, miaka yote ile ya kugongwa na kuvunjwa vidole imekwenda bure.

Aliondoka Unguja ana miaka kumi na mitatu. Baba yake alikuwa ameshafariki, mimi nilikuwa nimeanza safari za China, nguo za kike na mikoba ya viwanda vya mji wa Shiling, mwezi mmoja nyumbani na mitatu huku. Ami yake yuko Marekani, akasema mlete asome. Nikampeleka. Shuleni wakamwona anavyokimbia, wakamvika kofia ngumu, na mimi nikahamia huku China, mtaa wa Sanyuanli, moja kwa moja, kwa sababu nyumba isiyo na mtoto sikuwa na haja nayo.

Walimfanya beki wa pembeni. Alinieleza kwa simu mpaka nikaelewa. Mshambuliaji anakimbia mbele kwenda kupokea mpira, na beki anaanza kinyumenyume, anamtazama kiuno, hamtazami macho, kwa sababu macho yanadanganya na kiuno hakidanganyi. Halafu anageuka ghafla na kukimbia naye bega kwa bega. Beki akiwa hodari, mrushaji wa timu ya pili anaogopa kuutupa mpira upande wake, anautupa kwingine. "Kwa hiyo mama, mechi nzuri kwangu ni ile ambayo hunioni kabisa," aliniambia. Mimi nilimwona. Nilikuwa nikitazama video zake nikingoja mzigo ufungwe, upande ule ambao hakuna kilichotokea, na roho yangu ilikuwa ikipaa. Yeye sikumwambia. Nilimwambia avae fulana ya ndani, baridi ya huko mbaya.

Basi msimu wa kupimwa ukafika, wakamshika. Wakampima mkono mpaka robo ya inchi. Wakampima kiganja, wakamrukisha, wakamkimbiza na saa mkononi, wakamwinamisha waone kiuno kinageuka vipi. Mimi mwenyewe hununua suruali hivyohivyo, navuta mshono, nageuza ndani nje, namwambia muuzaji haina lolote ili apunguze. Lakini suruali haina mama, na nilipoona video ya mwanangu kasimama na bukta mbele ya wazee wenye karatasi, nilitukana kwa sauti ndani ya treni ya metro, na Mchina aliyekaa pembeni yangu akahama kiti.

Mwanangu akanionya kwamba klabu huwapigia wazazi pia. "Watakuuliza mimi ni mtu wa namna gani. Sema ukweli tu, mama."

Simu ya yule mpimaji ilikuja asubuhi, nikiwa kwenye ofisi ya kago ninakosafirishia mizigo yangu. Palikuwa pamejaa Watanzania, kila mtu na robota lake kwenye foleni ya mizani, na kijana wa Kichina anavuta tepu ya kufungia maboksi, sauti yake inakwaruza mpaka kwenye meno. Sikuwa nasikia, nikaweka simu sauti kubwa. Lilikuwa kosa la kwanza. Waliposikia mzungu anasema "kuhusu mwanao," ofisi nzima ikageuka masikio.

"Laoban, bosi wangu, acha hiyo tepu kidogo," shoga yangu mmoja wa Dar akamwambia kijana. "Tunasikiliza."

Mzungu alikuwa na adabu, hilo simnyimi. Kiingereza changu ni cha sokoni, cha kununulia na kugombania, lakini tulielewana. Akaniuliza kama mwanangu ni mtu wa bidii.

Sasa wewe unayesoma, kama umelelewa kwetu, unajua ningejibu nini. Watu ishirini wamesimama, kila mmoja na jicho lake, wengine watoto wao wamewashinda, na mimi nianze kumpigia debe mwanangu? Nisimame pale nitaje kwamba anaamka kabla ya jua, kwamba hajawahi kunikosea adabu, kwamba ni mzuri wa sura na wa tabia? Mama yangu angefufuka anizibe mdomo. Mtoto mzuri unamfunika. Ukisifiwa naye, unamtia kasoro upesi kabla jicho la mtu halijamwangukia.

"Ah, huyo!" nikasema. "Kula na kulala tu."

Ofisi ikacheka. Mzungu akauliza kama anaupenda mchezo kwa dhati. Nikamwambia anachokipenda kwa dhati ni pilau. Akauliza kama ni kiongozi, kama wenzake wanamfuata.

"Amwongoze nani? Hata kitanda hatandiki."

"Kitanda? Mei you!" shoga yangu akadakia, na watu wakaangua kicheko, maana ndivyo wenye maduka wanavyotufukuza hapa siku nzima, hakuna, hakuna. Nikamalizia kwa kumwambia mzungu, "Tuombeeni tu." Kwa anayeijua lugha yetu, hapo nilikuwa nimejisifu mpaka pumzi zinaniishia. Pale ofisini kila mtu alijua. Mzee mmoja wa Tanga kwenye foleni alinipa mkono akasema mashallah, mtoto wako kumbe mkubwa hivyo. Nikarudi nyumbani nimejaa furaha, nikapika.

Baada ya wiki mbili wakala wa mwanangu, anayemtafutia klabu, akanitumia ujumbe. Ana rafiki ndani ya klabu ile na ameiona ripoti. Imeandikwa kwamba kijana ana miguu mizuri na kiuno chepesi, ila mama mzazi mwenyewe ana shaka na bidii yake, anasema hana mapenzi ya kweli na mchezo, wala si kiongozi. Wakala akaongeza, kwa upole wa kuudhi, kwamba siku nyingine nizungumze naye kwanza kabla ya kupokea simu.

Kaandika! Mtu mzima, anayelipwa kuwajua watu, anasikia mama anacheka, anasikia ofisi nzima inacheka, na anachukua kalamu anaandika neno kwa neno kama karani wa mahakama. Mkono kaupima mpaka robo ya inchi, kicheko kimemshinda. Nikampigia mwanangu. Akasema, "Si kitu, mama. Usijali." Akasema ana mazoezi, akakata.

Nikampigia yule mtu. Safari hii nilijifungia chumbani, peke yangu, na nikamwaga yote. Nilimwambia mwanangu akiwa na miaka tisa alikuwa anachota maji kabla ya kwenda chuo cha Kurani, bila kutumwa. Nilimwambia alivyovunjika kidole akanificha mwezi mzima nisihangaike. Nilimwambia ni hodari kuliko wote anaowaandika. Nilisema mambo ambayo sijawahi kuyasema kwa kiumbe yeyote, nikijiona kama navua nguo njiani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nakuelewa, mama," akasema. "Wazazi wengi hutupigia tena wakishazungumza na wakala."

Yaani kwake uongo wangu ndio ulikuwa ukweli, na ukweli wangu umenunuliwa. Nilirusha simu kitandani. Ingekuwa sakafuni ingevunjika, na bado nilikuwa na wateja humo.

Zile siku tatu zikafika. Kule usiku, huku asubuhi. Siku ya kwanza na ya pili sikwenda sokoni, nilikaa na simu mkononi nikiyatazama majina ya watoto wa wenzangu yakisomwa, mama zao wakilia na kukumbatiana kwenye makochi yao, wakiwaita wafalme, mashujaa, malaika, bila haya na bila kutema mate pembeni kufukuza jicho. Niliwachukia wale wanawake. Siku ya tatu walianza mchana wao, usiku wetu, na nilipoamka kwa sala ya alfajiri, ilikuwa imebaki duru moja ya kuchagua. Nikasali, nikarudi, nikatazama jina la mwisho likisomwa. Halikuwa lake.

Kama ni kwa sababu yangu, sitajua kamwe. Wakala alisema pengine ni mkono, ni mfupi kidogo. Labda alinihurumia.

Nilimpigia mwanangu, na badala ya kumpa pole nikaanza kumtukana yule mpimaji. Nilimwita kila jina. Nikamweleza kwamba kwetu mtu hamsifu mwanawe mbele za watu, kwamba ofisi ilikuwa imejaa, kwamba nilikuwa namkinga, kwamba mjinga yeyote wa pwani angeelewa kuwa nilikuwa najivuna. Nilizungumza mpaka sauti ikanikauka. Yeye aliniacha nimalize, nikadhani ananiunga mkono.

"Mbele za watu nimeelewa, mama," akasema mwishoni. Sauti yake haikuwa na hasira. "Na tulipokuwa wawili?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nikaanza kutafuta, tangu akiwa mdogo, tangu nikimwogesha uani, tangu tukisubiri ndege siku anaondoka, nikitafuta siku moja tu niliyomsifu yeye mwenyewe. Viatu nilimtumia, na pesa, na dawa ya kifua. Niliendelea kutafuta, na yeye alikuwa bado yuko kwenye simu, ananisubiri.