Kofia ya Miaka Saba

Jirani yangu hufuma kofia za mjukuu wake, aliyepelekwa Mombasa angali ananyonya. Tangu vita vianze hata barua haziji. Kila asubuhi huviloweka vidole vyake, vilivyovimba viungo, katika maji moto yenye karafuu. Sindano ya kufumia ameizungushia kitambaa ikawa nene, asilazimike kuibana. Kofia huipima kwenye nazi isiyofuliwa.

Jana nilimkuta barazani akichagua nazi kwa kuzipapasa. "Hiyo kubwa mno, Bi mkubwa," nikamwambia. "Ametimiza saba, mwanangu. Nazi ya mwaka jana ilikuwa hii ndogo." Akanionyesha kofia sita zilizopachikwa, ndogo ndani ya kubwa, hata moja haijaingia jasho. Kisha akaipakata ile nazi kubwa. Uzi ulikuwa tayari, lakini mkono wake ulibaki utosini pa nazi, ukipapasa.