Spika za Nyumba ya Erasto

Pale Katubuka, nyumba ya Marcelina ilijulikana kwa muziki. Mumewe, Erasto, mnyapara wa makuli bandarini, alikuwa na spika mbili za mbao zilizomfika kiunoni, alizozinunua kwa mhandisi wa barabara aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Kila asubuhi alizifuta kwa kitambaa laini kabla hata hajanawa uso.

Wapita njia walimsifu kwa kujua starehe. Marcelina alijua kazi nyingine ya spika zile. Erasto alipokasirika hakufoka. Alifunga dirisha, akaweka wimbo, akapandisha sauti hadi sakafu ikatetema, ndipo akavua mkanda. Mara ya kwanza kosa lilikuwa glasi ya maji iliyowekwa juu ya spika. Baadaye hapakuhitajika kosa. Alimng'oa jino, akamvunja kidole, na ngoma zikaendelea.

Miaka ikaenda, besi ikaanza kufifia. Akifagia, Marcelina alikuta vipande vyeusi vinavyonata chini ya spika. Erasto alipoviona alisema mkewe amezichokonoa spika, akamburuza kwa nywele. Marcelina akaenda kwa Feliksi, fundi redio wa Gungu, kuuliza. Feliksi alimweleza kwamba koni ya spika hushikiliwa ukingoni na sponji, na sponji huoza yenyewe kwa joto na unyevu, hata spika isipoguswa. Mbao na sumaku zaweza kudumu kuliko mwenye nazo. Marcelina alirudi na moyo mwepesi, akidhani amepata utetezi. Akamweleza mumewe. Akapigwa kwa kupeleka mambo ya nyumbani kwa mwanamume mwingine.

Jumapili moja mchana, Erasto aliitafuta besi kwa kupandisha sauti kuliko siku zote. Akaushika mkono wa kushoto wa mkewe, akaukunja mgongoni hadi mfupa ukalia. Hapo spika moja ikakwaruza kama bati linalochanwa, ikakata. Ya pili ikafuata. Ikabaki sauti ya mwanamke anayelia, na Marcelina alichelewa kutambua kuwa ni yake.

Ng'ambo ya ua, jirani yao Ndayikunda, mama wa makamo aliyekuja zamani kutoka Burundi, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Aliinuka na mchi, akaupiga mlango mpaka komeo likang'oka. Erasto akampokea kwa ngumi ya mdomo, mama yule akaanguka, na mchi ukamtoka. Erasto alipoinama kuuokota, Marcelina aliegemeza bega lake zima kwenye spika, akasukuma. Ikamwangukia Erasto mguuni, mfupa ukavunjika. Ndayikunda akauwahi mchi, akampiga begani, akarudia, na safari ya tatu alilenga kichwa. Marcelina akajitupa katikati.

"Basi, mama. Watakufunga wewe."

Vijana wa mtaa walimbeba Erasto hadi polisi wakimtandika njia nzima, na wengine wao ndio waliozoea kucheza muziki wake barazani.

Hospitalini, Ndayikunda, midomo imeshonwa, aliketi kando ya kitanda.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema taratibu, "tulikuwa tunajua. Muziki ulitupa sisi mahali pa kujificha."

Marcelina aligeukia ukutani. Hasira ambayo hakuwahi kuthubutu kumwonyesha mumewe ilimjaa sasa juu ya mtaa mzima, na juu ya mwanamke yule pia. Kesho yake, hata hivyo, aliupokea uji wake.

Erasto alifungwa. Feliksi alikuja bila kuitwa kuweka sponji mpya, akajaribu wimbo. Besi iliporudi, Marcelina alitoka mbio akatapika uani. Alimwomba fundi azichukue, azipeleke kokote asikopita yeye.

Sasa anauza dagaa na migebuka mikavu sokoni Mwandiga. Mkono haunyooki. Mwaka huu Erasto aliachiwa, akaja hadi mbele ya meza yake akichechemea, akauliza spika zake ziko wapi. Hakuuliza kingine. Wanawake wa meza za jirani waliacha kupanga samaki, wakasimama na visu vyao mikononi. Marcelina alimtazama usoni, akamwambia hazipo, kisha akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri. Erasto akapanda bodaboda, akaondoka.

Jioni ile Marcelina aliegemeza meza mlangoni kabla ya kulala. Asubuhi alitangulia sokoni kabla ya wenzake.