Skrini Kubwa ya Shangazi

Basi lilimshusha mgeni katikati ya mji asioujua, begi begani, simu mkononi ikiwa imepasuka kioo kutoka kona hadi kona. Alikuwa amekaa miji mingi na alizoea kuuliza njia kwa lugha nne, lakini safari hii hata jina la nyumba ya wageni lilikuwa ndani ya simu hiyo hiyo. Muuza magazeti alimtupia jicho mara moja, akanyoosha kidole.

"Kwa Fundi Vioo, mlango wa bluu. Usimharakishe tu. Ukimharakisha anakuweka wa mwisho."

Duka lilikuwa na upana wa meza moja na viti vitatu. Ukutani, pale ambapo wengine hubandika matangazo ya simu, palining'inia kitambaa kilichotariziwa kasuku. Mgeni alikikodolea macho.

"Nilikitarizi nikiwa na miaka kumi na miwili," alisema fundi, mwanamke wa makamo, bila kuinua kichwa. "Shangazi alinifumulia mara tatu. Lete simu."

Huku akikung'uta vipande vya kioo, alimsimulia. Alilelewa na shangazi yake, mtarizi wa vitambaa vya meza, kwenye nyumba ambayo watoto walijua kuhesabu matundu ya kitambaa kabla ya kujua kusoma. Simu zilipoanza kujaa mjini, aligundua kuwa vidole vilivyozoea sindano haviogopi skrubu. Shangazi alinuna miezi miwili. Mwezi wa tatu akaleta simu yake itengenezwe.

Fundi alikuwa akitazama saa ya ukutani kila baada ya skrubu mbili.

"Una miadi?" aliuliza mgeni.

"Shangazi anaacha kazi leo. Saa kumi jirani anakwenda kuichukua fremu yake ya kutarizia. Ameapa macho yamekwisha, na miye naona hayajaisha. Nimemwambia apite hapa kwanza."

Alikuwa ndiyo kwanza anawasha simu ya mgeni, kioo kipya kinang'aa, shangazi alipoingia: mwembamba, lenzi ya kukuzia imening'inia shingoni kwa kamba, kwapani tableti pana kama sinia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nimekuja kukuaga kikazi, usinianzie maneno."

"Mwonyeshe mgeni yule tausi wako."

"Una adabu wewe?" Lakini alimgeukia mgeni na kueleza mwenyewe. Zamani wateja walimletea michoro ya karatasi. Siku hizi wanaituma kwa simu. Mwanawe akamnunulia skrini kubwa hiyo ili aone vizuri. Matokeo yake, tausi wa mteja mmoja alitoka na ndevu. "Ndevu kabisa, mwanangu. Mteja alinirudishia kitambaa, akaniuliza kama ni babu yangu."

Fundi aliufungua mchoro kwenye tableti. Ulikuwa wa miraba midogo, vyumba mia mbili kwa upana, kila kimoja na alama yake: msalaba kwa uzi mwekundu, kidoti kwa uzi wa bluu. Shangazi aliteremsha lenzi.

"Uji," alisema. "Na nikiukuza kwa vidole napoteza mstari. Mimi nahesabu ukingo hadi ukingo, wewe unajua."

"Najua. Shangazi, ukipewa kitambaa kikubwa chenye matundu machache, utatarizi jicho la ndege?"

"Litatoka kama dirisha."

"Basi hilo sinia ni kitambaa hicho. Kipimo cha kwanza ni ukubwa, yaani upana wa kitambaa, basi. Cha pili ni idadi ya nukta zilizomo, hizo pikseli. Lako lina mia sita kwa upana. Gawa kwa vyumba mia mbili."

"Tatu," alisema shangazi papo hapo.

"Moja inaliwa na mstari wa kutenga vyumba. Zinabaki mbili. Nitofautishie msalaba na kidoti kwa nukta mbili." Akaomba kwa macho simu ya mgeni, akaruhusiwa, akahamishia mchoro. "Hii inaenea kiganjani, lakini ina elfu moja mia nne na ushei kwa upana. Kila chumba kina saba. Cha tatu ni msongamano: lako halifiki nukta mia moja ishirini kwa inchi, hii imepita mia tano. Weka lenzi."

"Kidude hiki?"

"Weka lenzi, Shangazi."

Aliinama. Lenzi ilisogea taratibu kama ilivyosogea miaka yote.

"Msalaba. Msalaba. Kidoti. Tupu. Kidoti." Alipoinua uso, hakumtazama fundi, alimtazama kasuku. "Zile ndevu hazikuwa zangu."

"Hazikuwa zako."

"Saa ngapi sasa?"

"Imebaki robo ifike kumi."

"Na wewe umekaa. Jirani yangu hachelewi kuchukua cha bure."

Fundi alikuwa keshavaa viatu. Simu za wateja hazitoki dukani bila ruhusa, hiyo ndiyo sheria yake, kwa hiyo alisimama mlangoni akauliza: "Mgeni, utatuazima simu mpaka jioni amrekebishe tausi? Kesho nitamtafutia yake."

"Chukueni."

"Kaa basi hapo kwangu. Akija mtu, mwambie fundi anarudi. Usifungue chochote."

Wakaondoka, shangazi mbele, simu kaishika kwa mikono miwili kama kikombe kilichojaa. Walipopinda kona ndipo mgeni alipokumbuka kuwa bado hajui analala wapi: jina la nyumba limeondoka na simu. Mwanamume mmoja akachungulia mlangoni.

"Fundi yupo?"

"Anarudi," alisema mgeni, akamsogezea kiti.