Bi Faili na Kimya cha Saa Tatu

Dada yangu ni mpelelezi binafsi, na kabla hujaanza kuwaza koti refu na miwani myeusi, nikwambie kabisa: ofisini anavaa kandambili kwa sababu ya magoti. Miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa masjala hospitalini. Huko ndiko walikompa jina la Bi Faili, maana hata risiti ya sabuni anaitoboa na kuiweka kwenye jalada. Mimi mdogo wake kazi yangu ni kupokea simu na kugombana na watu.

Ijumaa moja alitujia mwanamke mwenye duka la mikate, unga bado uko mikononi. Miezi minne mtu asiyemjua alikuwa akimtumia matusi kwenye simu, kwa majina ya bandia. Akiifunga akaunti hii, inazuka nyingine. Mtu huyo alijua leo kavaa nini, alijua tanuri la pili limeharibika. Sasa ameanza kuwaandikia wateja kwamba mikate ile ina mavi ya panya.

"Simu ikilia tu, naifunika kwa taulo," alisema. "Nimechoka, dada zangu. Mwisho wa mwezi nafunga duka, narudi kwa wazazi."

Damu ilinichemka, maana alikuwa ametutajia mchumba aliyeachana naye. "Si yule mchumba uliyemwacha huyo! Nipe namba yake nimpashe!"

"Hasira hasara," dada akanikata. "Mimi nataka saa anazoandika, mdogo wangu. Washukiwa wako kaa nao." Akamgeukia mgeni. "Usifute hata ujumbe mmoja tena. Na usimjibu."

Tulichapisha jumbe zote zilizobaki, themanini na saba. Mimi nasoma, yeye anaandika kwenye daftari kubwa: siku gani, saa ngapi, kasema nini, na nani mwingine alilijua jambo hilo. Nilisoma matusi ya mtu mzima mchana kutwa hadi nikauonea haya ukuta. Yule mchumba niliyemshuku aliondoka mapema kwenye daftari, kwani habari za tanuri asingezipata popote. Nilimwomba radhi kimoyomoyo.

Siku ya tatu dada aliweka penseli chini. "Anaandika kila siku, asubuhi na jioni. Lakini Jumanne na Alhamisi, saa tatu mpaka saa nne asubuhi, hajawahi kuandika. Hata mara moja. Saa hiyo yuko wapi?"

Tukampigia mwokaji. Jumanne saa tatu huwa yuko na nani?

"Na mleta unga. Anashusha magunia, namwekea chai." Halafu akaanza kulia. "Jamani, yeye ndiye anayeniambia pole!"

Lo! Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilishavaa viatu niende, dada akaniambia nivue, kimya si ushahidi. Alimwelekeza mwokaji amwambie mleta unga, na asimwambie mtu mwingine yeyote, kwamba Jumamosi anakwenda kujipumzisha kwa shangazi yake. Mwokaji akamwambia Jumanne, wakati wa chai. Saa sita mchana ujumbe ukaingia: "Hata kwa shangazi yako nitakufikia."

Mwokaji hana shangazi.

Dada alibeba jalada lake hadi polisi, limetobolewa na kupangwa kwa tarehe. Kampuni ya simu iliwathibitishia polisi kuwa laini iliyofungulia akaunti zile ni ya yule mleta unga, naye alipoonyeshwa kurasa zote zile alikiri. Mahakama imemkataza kumsogelea wala kumwandikia. Nilitaka angalau nikamtazame usoni, dada akasema jalada limefungwa na kuna mteja mlangoni. Nakwambia, nampenda dada yangu, lakini hajui raha.

Jumanne iliyopita nilipita dukani saa tatu kununua mkate. Mleta unga mpya, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa anahesabu magunia. Matanuri yote mawili yalikuwa yanawaka. Simu ilikuwa juu ya meza, na taulo lilikuwa kwenye msumari wake.

Ikalia. Mimi ninayejifanya jogoo ndiye niliyeruka. Mwokaji aliipokea kwa vidole vyenye unga, bila hata kuangalia ni nani.

"Mikate ipo," alisema. "Njoo."