Unga Nilioutupa

Wewe unayesoma, sogea kidogo unisikize kama tumeketi benchi moja nje ya kibanda changu. Nataka kukueleza jambo polepole, kwa sababu nililikosea, na sitaki nawe ulikosee.

Mimi ni fundi wa nguo katika mtaa wa Gatina, na nyumba ninayokodi iko mtaa wa jirani, Kabiro. Nina watoto wawili. Dadangu mkubwa anakaa Kibera, upande wa Kambi Muru. Mama yetu yuko nyumbani, Magharibi, na kila akivuna hutujazia gunia moja dogo la mahindi na kulipakia kwenye basi. Likifika kwangu, dada huja, na tunagawa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Mama alitufundisha kwamba aliyetoka mbali hupimiwa kwanza, fungu lake lote, na mwenye nyumba huchukua linalobaki chini. Hivyo hakuna anayeweza kusema mwenye nyumba amejipendelea.

Mwaka ninaousimulia, unga dukani ulikuwa umepanda bei mpaka watu wakaacha hata kuuliza. Halafu ukaadimika kabisa. Mwenye duka la karibu nami alipanga viberiti na sabuni kwenye rafu ya unga ili pengo lisionekane. Kwenye cherehani yangu hakuna aliyeleta kitambaa kipya. Waliokuja waliniletea sketi na suruali za zamani niwapunguzie kiuno.

Kwa hiyo gunia lilipofika tulilipokea kama mgonjwa aliyetoka hospitali. Dada alipimiwa fungu lake, akalibeba, akaenda. Ndipo nikamimina lililobaki.

Chini gunia lilikuwa limelowa. Nadhani lilikaa kwenye maji ndani ya buti ya basi. Mahindi yalikuwa yameshikana madonge, mengine ya kijani, mengine meusi, na harufu yake ilikuwa ya nguo zilizosahauliwa zikiwa mbichi. Zaidi ya nusu ya fungu langu lilikuwa hivyo.

Ningempigia dada simu, angegeuka njiani na kunigawia. Sikumpigia. Ana watoto wanne. Jioni mama akapiga mwenyewe.

"Yalifika mazuri?"

"Mazuri sana, mama."

Kesho yake niliyaosha kwa maji ya chumvi, mara tatu, nikiyasugua kama nasugua kola ya shati. Nikayaanika kwenye mabati siku mbili. Yalipokauka ule ukungu wa kijani na mweusi ulikuwa umeondoka, nikajiambia yamepona. Nikayapeleka kusagwa Gatina. Mwenye mashine aliingiza mkono ndani ya mfuko, akanusa vidole, akaurudisha kwangu.

"Mathe, hii siwezi saga."

"Kwani siku hizi mashine yako inachagua?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Yeye hakucheka.

"Inachagua. Nikisaga hii yako, huyu wa nyuma atapeleka yako nyumbani ndani ya unga wake."

"Lakini nimeosha."

"Umeosha rangi. Sumu iko ndani ya punje. Haitoki na maji, na ukipika haitoki na moto. Inaenda kukaa kwa ini. Hata ng'ombe usimpe."

"Siste, songa basi," mwanamke wa nyuma akasema. "Yetu ni mazima."

Niliaibika. Lakini aibu haikunifanya nitupe. Nilienda kwenye mashine nyingine, huko Kabiro, nikaweka mahindi mazuri juu na mabaya chini. Kijana wa hapo alikuwa kwenye simu. Alisaga bila kutazama.

Ule unga tuliula siku tatu.

"Mama, ugali ni chungu," mkubwa wangu alisema siku ya kwanza.

"Ni mboga ya sukuma ndiyo chungu. Kula."

Siku ya pili mdogo alishika tumbo. Nikampa maji ya moto na kumlaza. Pumba nilizochekecha nilikuwa nimempa jirani, mama mmoja wa ploti yetu aliyefuga vifaranga kwenye boksi. Asubuhi ya nne nilimkuta amechuchumaa mbele ya boksi. Vifaranga wote walikuwa wamelala ubavu, miguu imenyooka.

"Sijui wamekula nini," akasema.

Mimi nilijua. Siwezi kukuapia kwamba zilikuwa pumba zangu, ila sikuhitaji kuapa. Niliingia ndani, nikachukua ule mfuko wa unga na kuupeleka kwenye taka, karibu na mtaro.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa. Mkono wangu ulikataa kumwaga unga chini. Tangu utotoni nimeambiwa unga haumwagwi. Nikauweka pembeni taratibu, umefungwa vizuri, kama mtu anayeacha mzigo na atarudi. Nilienda kuchota maji. Niliporudi na mtungi, mfuko haukuwepo.

Niliulizia mlango kwa mlango. Ule mfuko niliushona mwenyewe kwa masalio ya pazia, na uzi wake ni wa buluu, kwa hiyo nilijua nikiuona nitautambua. Niliuona ng'ambo ya mtaro, ndani ya chumba ambacho mlango wake ulikuwa wazi. Ulikuwa umeegemea jiko. Sufuria ya maji ilikuwa motoni, na watoto watatu walikuwa wameketi kitandani wakiitazama. Mama yao nilimfahamu kwa sura tu. Alikuwa akifulia watu nguo, kabla watu hawajaanza kujifulia.

"Huo mfuko ni wangu," nikamwambia.

"Ulikuwa wako. Ulipotupa ukawa wangu."

"Sijaja kuuchukua. Unga huo ni mbaya."

"Mbaya na umeufunga hivyo? Nani hufunga takataka kama zawadi?"

Nikalitazama fundo nililolifunga mwenyewe.

"Wewe uliula?"

"Siku tatu."

"Na umesimama kwa mlango wangu unaongea mingi. Basi acha na sisi tule, tusimame."

Nilimweleza habari za ukungu, nikamweleza aliyosema mwenye mashine, nikamweleza habari za vifaranga. Mimi hupenda kueleza. Wasichana ninaowafunza kushona huniambia nikianza simalizi. Alinisikiza mpaka mwisho.

"Kuku hufa," akasema. "Sasa niambie, fundi. Nikimwaga huu, hawa watakula maneno yako?"



"Nipe mpaka jioni," nikamwambia. "Nitakuletea mwingine."

"Mfuko unabaki hapa. Usiporudi, nasonga ugali."

"Nitarudi. Chemsha maji tu."

"Maji tumezoea."

Nilitembea kwa miguu mpaka Kambi Muru. Dada alinisikiza akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Wewe kichwa ngumu! Mama alisema nipimiwe kwanza. Alisema pia unyamaze ufe?"

"Nilifikiria watoto wako."

"Na wako je? Ni wa jirani?"

Alikuwa ameshasaga. Alinipimia mikebe mitatu, na kwa ule wa tatu nilisikia gorogoro likikwaruza chini ya ndoo. Akafunga unga, akanitwika, ndipo akaongeza: "Na mama utampigia wewe. Mwambie yalifika vipi."

Jua lilikuwa bado halijazama nilipofika kwa yule mama. Sufuria ilikuwa imeepuliwa. Mfuko wangu ulikuwa umefunguliwa.

"Wawili wamengoja," akasema bila kunitazama. "Huyu mdogo alishindwa. Nilimkorogea uji kikombe kimoja."

Nilimpa mkebe mmoja kati ya ile mitatu. Akaupokea kwa mikono miwili. Kisha akachukua ule mfuko wa uzi wa buluu yeye mwenyewe, akamwaga unga wote kwenye karai, akaukorogea majivu ya jiko lake na udongo, akatia maji mpaka ukawa tope. Ndipo tukaenda wote wawili kuutupa.

Wangu walipona, nashukuru. Yule mtoto wa kikombe kimoja bado namwona akipita kibandani kwangu. Anacheza kama wengine. Lakini kila akipita mimi huacha kushona na kumtazama macho, kama yana umanjano. Nafikiri nitamtazama hivyo mpaka awe mtu mzima.

Mama nilimpigia Jumapili. Nilimwambia yalifika vipi, naye akasema tu kwamba msimu ujao atafunga gunia mara mbili.

Basi, mpenzi wangu, yakikufikia mahindi wakati wa njaa, yamimine yote kwenye nguo nyeupe, mchana, kabla hujamgawia mtu. Ondoa kila punje iliyobadilika rangi, iliyonyauka au yenye ukungu, na ukiona nyingi, usiamini hata zilizobaki. Usizioshe, usimpe kuku. Na usizitupe zikiwa zimefungwa: zichanganye kwanza na majivu, udongo na maji, zikoroge mpaka hata mwenye njaa asiweze kuziokota.